Dakika nne za feni, na pampu isiyonyamaza

Kila shule zinapofungwa, jamaa wengi wa Nairobi, Nakuru na Eldoret hufunga virago wakaelekea Pwani. Wasiofika huko huenda Ziwa Naivasha, au ufuo wa Dunga kule Kisumu. Na popote palipo na maji, watoto hawatulii mpaka wapandishwe mashua ya injini.

Mzazi mwangalifu huuliza mambo mawili kabla ya kupanda: nauli ni pesa ngapi, na je, majaketi ya kujiokoa yanatosha watu wote? Hayo ni maswali mazuri, na tusiache kuyauliza. Lakini leo ningependa tuzungumze juu ya vifaa viwili ambavyo abiria haviulizii kamwe, kwa sababu vimefichwa chini ya sakafu. Cha kwanza ni feni inayotoa hewa chafu katika chumba cha injini. Cha pili ni pampu inayotoa maji chini ya mashua. Vifaa hivi huokoa maisha. Hata hivyo, mtu asiyejua mipaka yake anaweza kuangamia navyo vikiwa vinanguruma.

Sehemu ya chini kabisa ya chombo cha baharini, ambayo mabaharia wetu huiita ngama, ndiko kila kinachovuja huishia. Maji ya mawimbi huteremkia huko, mvua huteremkia huko, na mafuta ya injini pia. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hata mvuke wa petroli huteremkia huko huko.

Tuanzie nyumbani ili tuelewane. Kila mama au baba anayepikia gesi amewahi kuonywa: ukinusa gesi jikoni, usiwashe kiberiti wala usiguse swichi ya taa. Fungua milango kwanza. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo hutambaa sakafuni ikingojea cheche. Mvuke wa petroli ni mzito zaidi, kiasi cha mara tatu hadi nne ya uzito wa hewa. Jikoni angalau kuna mlango ambao gesi inaweza kupitia chini yake. Ngama ya mashua haina mlango. Ni kama beseni, na kilichoingia hukaa humo hadi kitolewe.

Isitoshe, haihitajiki petroli nyingi. Mvuke wake ukifika sehemu moja na nusu tu kati ya sehemu mia za hewa, tayari unaweza kulipuka. Nayo petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri. Fikiria basi jinsi inavyotoa mvuke katika joto la Malindi saa nane mchana! Mpira ukipasuka kidogo, au kifungo cha chuma kikilegea, matone machache yanatosha kuleta msiba. Cheche nayo haikosi. Ukizungusha ufunguo tu, stata hutoa yake.

Ndiyo sababu mashua ambayo injini yake ya petroli imefungiwa ndani huwekewa feni. Kule Marekani, mashua za aina hiyo zilizoundwa baada ya Julai 31, 1980 ni lazima ziwe na feni hiyo kwa mujibu wa sheria. Karibu na ufunguo hubandikwa onyo linalomwagiza nahodha aendeshe feni kwa dakika nne kabla ya kuwasha injini, na pia achunguze kama kuna mvuke wa petroli kule chini.

Msomaji, zingatia sehemu ya pili ya agizo hilo, kwa maana ndiyo inayosahauliwa. Feni haina akili. Huondoa mvuke uliokwisha kukusanyika, lakini haizibi mpira unaovuja. Baada ya dakika nne, nahodha anapaswa kufunua kifuniko cha injini, ainame na kunusa. Pua ya binadamu hunusa petroli upesi sana. Kama bado kuna harufu, injini haiwashwi, swichi yoyote haiguswi, na abiria hushuka mmoja mmoja bila kukimbizana. Vifuniko huachwa wazi upepo upite, kisha fundi hutafuta panapovuja. Kuendelea kuiendesha feni huku ukitumaini harufu itaisha yenyewe ni kujidanganya.

Aidha, mngurumo wa feni si ushahidi kwamba inafanya kazi. Feni hufyonza kupitia bomba la mpira ambalo mdomo wake hufika karibu na sakafu ya ngama, mahali mvuke unapolala. Bomba likichomoka, likipasuka au likikanyagwa, feni itapiga kelele vile vile huku ikifyonza hewa safi ya juu. Nahodha mwenye busara huweka kiganja penye tundu la kutolea hewa, akahisi kama kweli inapuliza.

Hapa ndipo vifaa vyetu viwili vinapokutana. Pampu ikishindwa na maji ya ngama yakapanda hadi kuufunika mdomo wa lile bomba, feni haiwezi tena kuufikia mvuke. Hivyo pampu mbovu huifanya feni nzima kuwa bure.

Wakati wa kununua petroli kuna utaratibu wake. Injini huzimwa, sigara huzimwa na abiria wote hushuka. Milango na vifuniko vyote hufungwa ili mvuke usiingie ndani, na feni huwa imezimwa. Mitungi midogo hujaziwa nchi kavu, si ndani ya mashua. Shughuli ikiisha, petroli iliyomwagika hupanguswa, vifuniko hufunguliwa, feni huwashwa dakika nne, watu hunusa, ndipo injini inapowashwa na abiria kuitwa.

Labda utaniambia kwamba mashua uliyopanda juzi ilikuwa na injini iliyofungwa nyuma, nje kabisa. Ni kweli, mashua nyingi ndogo za abiria hapa kwetu ziko hivyo, na hazihitaji feni kwa sababu injini inapigwa na upepo. Lakini chunguza tangi la petroli limewekwa wapi. Likiwa ndani ya sanduku lililofungwa chini ya kiti, basi mvuke una pa kujificha, na lazima sanduku lifunguliwe lipate hewa kabla ya safari. Mashua za dizeli nazo zina hatari ndogo ya mlipuko wa namna hii, kwa kuwa dizeli haitoi mvuke upesi kama petroli.

Fundi naye ana lake la kujua. Stata, oltaneta na pampu ya petroli za gari hufanana sana na zile za mashua, na bei ya zile za gari ni nafuu. Tofauti ni kwamba zile za mashua zimefunikwa ili cheche zake zisiufikie mvuke ulio nje. Gari lina uwazi chini ya injini, kwa hivyo mvuke huanguka barabarani. Anayefunga stata ya gari ndani ya chumba cha mashua ya petroli ameokoa shilingi chache na kuweka kiberiti ndani ya beseni letu.

Sasa tuigeukie pampu. Zamani, na hata leo katika madau, maji yaliyoingia chomboni yalitolewa kwa mkono, kwa upo au kwa ndoo. Siku hizi pampu ndogo ya umeme hukaa kwenye ngama pamoja na swichi yenye boya. Maji yakipanda, boya huelea, swichi inawaka na maji yanatupwa nje. Ni kazi nzuri, na kwa sababu hiyo mtu husahau kabisa kwamba kuna maji yanayoingia.

Wanafunzi, chukueni kalamu tupige hesabu. Chukulia tundu lenye upana wa sentimita 5, lililo sentimita 30 chini ya usawa wa maji. Zidisha 2 kwa 9.8 kwa 0.3, kisha tafuta kipeuo cha pili. Utapata kasi ya mita 2.4 hivi kwa sekunde. Zidisha kwa eneo la tundu, na utaona kwamba karibu lita 300 zinaweza kuingia kila dakika. Kwa kuwa maji hujibana yanapopita tunduni, punguza asilimia 40. Bado zinabaki lita 180 kwa dakika.

Pampu ndogo ya kawaida, iliyoandikwa galoni 500 za Kimarekani kwa saa, hutoa kama lita 30 kwa dakika. Hapo betri iwe imejaa na bomba lisiwe na mlima wa kupanda. Kwa dakika tano, lita 900 zimeingia na 150 zimetoka. Lita 750 zilizosalia zina uzito wa watu wazima kumi waliopanda bila kulipa nauli! Pampu hiyo iliwekwa kwa ajili ya maji ya mvua na mawimbi. Haikuwekwa kushindana na tundu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na baharini hupati hata nafasi ya kuujenga.

Pampu pia ina maradhi yake. Mfuko wa plastiki, uzi wa mshipi au kitambaa kikiifunga, haivuti kitu. Boya likinaswa na takataka, swichi haiwaki. Betri ikiisha, kila kitu kimekwisha, na ndiyo maana mashua iliyoachwa wakati wa masika huweza kuzama ikiwa imefungwa gatini. Kwa hivyo nahodha huinua lile boya kwa mkono kila asubuhi na kusikiliza kama pampu inanguruma. Vile vile hubeba ndoo, au pampu ya mkono, kwa siku umeme utakapomwacha mkono.

Tena pampu haichagui. Kukiwa na oili ndani ya ngama, itaitupa baharini pamoja na maji, ikachafue mikoko na matumbawe ambayo kule Malindi na Watamu yamehifadhiwa kama mbuga tangu 1968. Oili hufyonzwa kwa matambara na kupelekwa nchi kavu. Na kukiwa na petroli katika maji hayo, pampu haiwashwi hata kidogo.

Je, wewe abiria utajuaje mambo haya bila kuwa fundi? Tazama ubavu wa mashua. Mkondo mwembamba wa maji unaotoka kwenye injini yenyewe usikutishe. Hayo ni maji yanayoipoza, na yakikoma ndipo kuna tatizo. Lakini ukiona tundu la ubavuni linatema maji, likanyamaza, kisha likatema tena kila baada ya dakika chache ilhali hakuna mvua wala mawimbi, mwulize nahodha kwa heshima: "Nahodha, maji haya yanaingilia wapi?" Nahodha mwema hatakasirika. Atainua ubao atazame.

Na ukimwona amewasha feni, ameketi kimya huku akitazama saa, tafadhali usimharakishe. Usiseme, "Twende bwana, watoto wanachomwa na jua!" Wengi wa manahodha hawa hulipwa kwa kila safari, na abiria wanaolalamika huwafanya waruke dakika hizo nne ili wasipoteze wateja. Wape watoto maji ya kunywa, wafungie majaketi vizuri, wahesabie dakika kwa sauti. Watajifunza, nanyi mtarudi salama.