Fungueni Hizo Kaseti!

Wapo watu duniani wenye kaseti ya gemu ambayo hawajawahi kuichomeka kwenye mashine, hawana nia ya kuichomeka, na wakiona mtoto anaikaribia presha inawapanda. Watu hao hao ati hujiita wapenzi wa gemu. Mimi nakataa. Mtu asiyecheza ngoma wala kuisikiliza, kazi yake kuhesabu ngoma zilizomo stoo, huyo si mpenzi wa ngoma, ni mtunza stoo. Tena mtunza stoo ana heshima yake, maana anajua siku moja mali itatoka ikatumike. Hawa wenzetu hawataki itoke kamwe.

Nazungumzia hasa kaseti za Nintendo, za ile mashine iliyotoka Japani tarehe 15 Julai 1983 kwa jina la Family Computer, Wajapani wakalifupisha kuwa Famicom, na iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1985 ikiitwa NES. Ziliuzwa mashine karibu milioni 62. Ukimwona kijana wa leo anahangaika kutafuta kaseti za zamani, mara nyingi ni hizo. Na wazimu ninaotaka kuupiga vita umeota mizizi humo.

Tuanze na asili, maana mwacha asili ni mtumwa. Hapo mwanzo mashine za gemu za nyumbani, karibu zote, zilizaliwa na gemu zao tumboni. Ukizichoka gemu, umeichoka na mashine. Mwaka 1976 kampuni ya Fairchild ya Marekani ikatoa Channel F, mashine ya kwanza ya nyumbani kutumia kaseti zenye programu ndani yake, unachomoa hii unachomeka ile. Mhandisi aliyeongoza kazi hiyo ni Jerry Lawson, Mmarekani Mweusi aliyefariki mwaka 2011. Wangapi kati ya wenye makabati yaliyojaa kaseti wanalijua jina hilo? Sasa fikiri mwenyewe, msomaji: Lawson na wenzake walipokaa mezani, swali lao lilikuwa nini? Walitaka kitu ambacho mtoto atakichomoa na kukichomeka mara mia, mara elfu, bila kuiua mashine. Kaseti ilibuniwa ichomolewe. Ibadilishwe, iazimwe, ipite mkono kwa mkono. Kuifunga milele ni kuitukana.

Sasa tazama yaliyotokea. Julai 2021 kaseti ya The Legend of Zelda ambayo haijafunguliwa iliuzwa mnadani huko Marekani kwa dola 870,000. Siku mbili baadaye Super Mario 64, ya mashine nyingine ya Nintendo iliyokuja baadaye, ikafika dola milioni 1.56. Agosti ya mwaka huo huo Super Mario Bros. ikauzwa kwa dola milioni 2. Na usidhani muuzaji alikuwa mzee fulani aliyeitunza tangu ujanani. Ilikuwa mikononi mwa kampuni inayouza hisa za vitu adimu, watu wananunua vipande vya kaseti kama wanavyonunua vipande vya kiwanda cha bia. Mwenye hisa ana haki ya kupata faida. Haki ya kubonyeza kitufe akaanza kucheza, hana!

Halafu kichekesho chenyewe ni hiki: Super Mario Bros. si adimu hata kidogo. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 40. Kilicholipiwa hizo dola milioni 2 si gemu, ni kule kutofunguliwa kwake. Zipo kampuni zinazoishi kwa kazi hiyo, zinapima kona za boksi, zinachungulia nailoni kama ina mkwaruzo, zinatoa alama za desimali, 9.4, 9.6, 9.8, kisha zinalifunga boksi zima ndani ya plastiki ngumu. Katika mtihani huo wote hakuna swali hata moja linalouliza kama gemu ni tamu.

Mtu atasema: we nawe, fedha si zao? Waache wachezee fedha zao. Sawa, ingekuwa zao tu ningenyamaza. Lakini bei hizo hazikai mnadani peke yake. Zinashuka hadi kwenye meza ya mtumba. Kaseti tupu, haina boksi wala kitabu, imechakaa, mwenye nayo kasikia habari za mamilioni, naye anataka chake. Miaka ile ya 2020 na 2021 bei za kaseti za kawaida zilipanda pia, na aliyeumia ni mwanafunzi mwenye hamu ya kucheza, si mwenye hisa.

Wanajitetea hivi: "Sisi tunahifadhi historia." Hapo ndipo ninapotaka tukae chini tubishane vizuri, maana neno kuhifadhi ni neno zito.

Zelda ilipotoka Marekani mwaka 1987, ndani ya ile kaseti yake ya rangi ya dhahabu waliweka betri ndogo ya duara, kama ya saa. Kazi yake ni kulisha kumbukumbu, ili ukizima mashine leo kesho uendelee pale ulipoishia. Betri hiyo haijui kama boksi halijafunguliwa. Inazeeka humo humo gizani, nailoni iking'aa nje, alama 9.8 ikisomeka vizuri. Na chukua zile kaseti za mashindano ya Nintendo World Championships ya 1990, ambazo wakusanyaji wanazitolea udenda: 90 za kijivu na 26 za dhahabu. Hizo zimetengenezwa kwa chipu za EPROM, aina ambayo chaji inayoshika maandishi yake huvuja polepole kadiri miaka inavyokwenda. Yaani hizo zinazotolewa udenda ndizo ziko hatarini kusahau zilichoandikiwa. Kilichoyaokoa yaliyomo si kabati. Ni wale waliothubutu kuisoma chipu na kuinakili. Hao ndio wahifadhi. Mtu anayekataa kujua kama kitu chake bado kizima, kwa hofu ya kupoteza desimali mbili, anahifadhi nini? Anahifadhi boksi.

Sisi tunaoandika tungepaswa kulielewa hili kuliko wengine. Super Mario Bros. yote, nchi zake nane, mapango, bahari, ngome, na muziki wa Koji Kondo ambao hata asiyewahi kucheza anaupiga mluzi, inaenea katika kilobaiti 40. Picha moja unayopiga na simu yako leo inaimeza mara nyingi. Waliwezaje? Kwa kubana. Kile kichaka cha kijani chini na lile wingu jeupe juu ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi. Mtunga mashairi aliyewahi kufungwa na mizani na vina anajua hicho ni kitu gani: nafasi ni finyu, kwa hiyo neno moja linafanya kazi mbili. Na tazama gemu inavyoanza. Hakuna maelezo. Kuna uwazi, kuna kiumbe anakujia taratibu. Usiporuka unakufa. Ukiruka unagonga tofali kwa bahati, linatoa kitu. Ndani ya nusu dakika umefundishwa kanuni za dunia nzima, na hakuna aliyekusemesha hata neno. Huo ni usanii wa Miyamoto na Tezuka, na haupo kwenye boksi. Upo kwenye vidole gumba vya anayecheza. Kaseti isiyochezwa ni sawa na tamthilia iliyofungiwa sefuni: utasifu jalada tu.

Sasa nigeuke nyumbani, maana nako kuna maneno.

Nintendo halisi kwetu ilikuwa ya kuhesabika. Zilizotufikia ni mashine za kuigwa. Warusi kuanzia mwaka 1992 walikuwa nayo yao, Dendy, Wapolandi wakawa na Pegasus, na sisi Afrika Mashariki hatukuhangaika na jina: ilikuwa gemu ya TV, basi. Mbili pedi, bunduki ya plastiki, na kaseti imeandikwa kwa mbwembwe gemu 9999999. Ukizihesabu unakuta Contra, Mario, vile vifaru vya kulinda tai, na nyingine chache, zinajirudia kuanzia hatua ya pili, ya tatu, ya kumi. Utapeli mtupu! Tena walikuwa wakifuta jina la kampuni pale mwanzoni, na hilo kwa mtu anayeandika haliwezi kupendeza. Simtetei mwizi wa jina la mtu.

Lakini nauliza: nani aliwafikishia gemu hizo watoto wa Tandika, Kisauni na Eastleigh? Mwenye jina, ama mwizi? Nintendo haikuja kutuuzia, na bei yake isingetufaa. Kaseti ya kuigwa ndiyo iliyotufikia uani, watoto wanane wakigombea pedi mbili, anayekufa anampisha mwenzake. Hiyo nayo ni historia, tena ya watu wengi. Na humo katika kaseti za kuigwa mlikuwamo pia gemu zilizotungwa Taiwani na China ambazo Wajapani na Wamarekani hawakuziona kabisa. Nani anazipima hizo kwa desimali? Hakuna. Kwa kampuni za kupima alama ni takataka, na ubaya zaidi wenzetu wengi wamekubali hukumu hiyo. Wanalipa mapesa kuagiza NES ya Marekani, eti ndiyo "orijino", huku kaseti za njano walizokulia nazo zinatupwa pamoja na fagio kuukuu. Ndani yake chipu imefunikwa donge jeusi la gundi, ikiharibika fundi hana pa kushika. Zikienda, zimekwenda. Kasumba hii ya kungoja mzungu atuambie kipi cha kale kina thamani tutaivua lini?

Upande wa pili wapo wajuaji wanaosema: kaseti za nini karne hii, si kila kitu kipo mtandaoni? Hao nao wasikilize. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilichunguza ikakuta kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani, yaani zilizotolewa huko kabla ya 2010, haziuzwi tena popote kihalali. Tarehe 27 Machi mwaka huo huo Nintendo walifunga maduka ya mtandaoni ya mashine zao mbili, Wii U na 3DS, ambamo gemu nyingi za kale zilikuwa zikiuzwa. Mwaka 2018 walizishtaki tovuti zilizokuwa zikigawa nakala. Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikakataa ombi la kuruhusu watafiti kutumia gemu za maktaba wakiwa mbali. Na kwa sheria ya nchi hiyo hakimiliki ya kazi ya kampuni ni miaka 95 tangu kutolewa: Super Mario Bros. iko kifungoni hadi mwisho wa mwaka 2080. Piga hesabu ya umri wako, halafu uniambie.

Kwa hiyo unachokilipia kila mwezi ni pango. Mwenye nyumba akikasirika unatoka. Kaseti haina mwenye nyumba. Ukiwa nayo hakuna mtu wa kukaa Kyoto akaizima. Na ni kwa sababu hiyo hasa inaniuma kuiona imefungwa sefuni: kitu pekee kilichonusurika na ufunguo wa kampuni kimepewa ufunguo wa tajiri.

Siwatukani wakusanyaji wote. Namjua aina ya mkusanyaji anayenakili vitabu vya maelezo kurasa kwa kurasa akavigawa bure, anayebadilisha betri za watu, anayekuazima kaseti akakuambia irudishe Jumapili. Huyo namvulia kofia. Awe wengi!

Na sisi tusio na mamilioni tunayo kazi. Kwanza, acheni kupuliza! Kila mtu alipuliza, na ikiwaka tukaamini pumzi imefanya dawa. Kilichosaidia ni kule kuchomoa na kuchomeka upya; mate yanaleta kutu kwenye meno ya kaseti, na Nintendo wenyewe walikuja kutahadharisha. Chukua kijiti cha pamba na spiriti, futa, acha ikauke. Betri ikifa, mpelekee fundi redio aibandue na kulehemu mpya; ulichohifadhi kitapotea, gemu itabaki. Kaseti zetu za njano zipigeni picha, andikeni orodha ya gemu zote zilizomo hata zinazojirudia, andikeni zilinunuliwa wapi na nani alizileta. Waulizeni kaka na dada zenu sasa hivi wangali wanakumbuka. Mwenye kujua kunakili chipu anakili. Kisha chezeni, na mkimaliza muazime jirani.

Najua nitaambiwa nina wivu wa maskini. Na iwe hivyo. Mwenye kaseti yake ndani ya plastiki ngumu achukue kalamu anijibu katika toleo lijalo, ukurasa ni wetu sote. Ila kabla hajaandika aichomeke kwanza kwenye mashine, atueleze kama inawaka.