Daftari la wiki: Wanaowahi kufika

Ziwa Balangida, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kiangazi kikikaza hukauka likabaki chumvi. Mtoto wa huku Dirma, wilayani Hanang, anaweza kukua hadi kuoa asipande mtumbwi. Hata hivyo wiki nzima nimewaza uokoaji wa majini, na ninaamini unatuhusu.

*

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilitumbukia Ziwa Victoria ikitaka kutua Bukoba. Waliowahi ni wavuvi na mitumbwi yao. Kati ya watu 43, walipona 24. Mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, alisimulia jinsi alivyojaribu kuwafikia marubani mpaka akazimia. Rais Samia akaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, apate mafunzo. Nilifurahi sana. Lakini kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kimeshapinduka ziwani humo, karibu na gati la kisiwa cha Ukara, Septemba 2018, wakafa zaidi ya watu 200, na huko pia wenye mitumbwi ndio waliotangulia. Kwa nini ujuzi uje baada ya mazishi?

*

Somo la kwanza la mwokoaji ni kutojitosa ovyo. Anayezama humkaba amshikaye, wakaenda chini wote wawili. Vaa jaketi okozi lako kwanza. Mnyooshee kasia au pondo. Asipofikika, mrushie kamba yenye boya. Ukimwendea kwa boti, zima injini ukimkaribia, pangaboi lisimkate. Kumpandisha mtu mzima aliyelowa ni kazi ya mbinu: mtumbwi huinama, kwa hiyo wenzako wakae upande wa pili. Akiwa hapumui, mpulizie pumzi kwanza, maana kilichomwishia ni hewa, ndipo umbane kifua mara 30 kwa kila pumzi 2. Haya hayajifunzwi siku ya ajali.

*

Uingereza wana RNLI, taasisi ya boti za uokoaji iliyoanzishwa 1824. Wanaopanda boti zake wengi ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao nchi kavu; wakiitwa, huziacha wakakimbilia botini. Wengi hawakuwahi kuwa mabaharia. Chuoni kwao Poole hufundishwa kujitoa chini ya boti iliyopinduka. Kama muuza duka anafundishika, mchunga ng'ombe wa Dirma anafundishika pia.

*

Anayesema maji si shida yetu akumbuke 3 Desemba 2023. Tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaingia Katesh, likaua zaidi ya watu 80. Majirani ndio walioanza kuokoana.

*

Halmashauri za Hanang na Babati, ombi langu ni hili: leteni wakufunzi wa Zimamoto kwenye mialo ya Ziwa Basotu na Ziwa Babati, wawafundishe vijana wanaojitolea, wa vijiji vya mbali na ziwa wakiwemo. Waachieni kamba, maboya na majaketi. Vijana wapo.