Bandi Ulipewa, Lakini Nani Alikuuliza?

Msee, kama uliingia kampo 2023 ama baadaye, hii ni yako. Unakumbuka ukijaza ile fomu ya ufadhili na simu ya mathee? Kejani mko wangapi, wazazi wanaokota ngapi kwa mwezi. Ukabonyeza, ukangoja, kompyuta ikakutemea bandi. Bandi ya 1, serikali inatoa asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Bandi ya 5 ni 30, 30, halafu 40 iko juu yenu. Kwa kozi ya laki tatu kwa mwaka, hiyo ni 120,000. Na buda anauza mitumba Gikomba.

Sasa, sitakudanganya eti mfumo wa kitambo ulikuwa poa. Ulikuwa umeoza ndani kwa ndani. Komredi alilipa 16,000 kwa mwaka, serikali ikaahidi kujazia zingine na haimalizi. Vyuo zikajitafutia. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya parallel 1998, vingine vikafuata: wasee wa jioni, fee kamili, chapaa mkononi. Ndio ukaona matawi ya kampo yamekalia juu ya masupamaketi kila tao. Kisha KCSE ya 2016 ikasimamiwa kwa ukali, waliopata C+ kwenda juu wakawa 88,929 tu. Serikali ikawabeba. Parallel ikakauka, lakini wafanyakazi na madeni hawakuenda popote.

Kwa hivyo Ruto alipozindua mfumo mpya Mei 2023, wazo lenyewe lilikuwa na akili: pesa imfuate mwanafunzi, asiye nacho apate zaidi. Shida ni vile ulikuja. Wa kwanza kupimwa ni wale walikuwa wameshafanya KCSE 2022 wakijua fee ni ile ya zamani. Hakuna mwaka wa kujaribu, ni nchi nzima mara moja. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo unakiuka Katiba na unabagua, na wananchi hawakushirikishwa vizuri. Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo mwaka uliofuata. Wewe katikati hapo, na semesta inaendelea.

Mimi najua hiyo katikati. Niliacha kampo mwaka wa pili, na haikuwa juu ya kufeli. Chuo kilibadilisha mfumo wa malipo semesta ikiwa nusu. Pesa mathee alituma ikapotea kwa mtandao. Dirisha la fedha likanituma kwa watu wa kompyuta, hao wakanirudisha kwa dirisha. Huyo dada wa dirishani hakuwa mbaya, manze, hata yeye alikuwa ameambiwa Jumatatu hiyohiyo. Kadi ya mtihani nikakosa.

Ndio maana lekchaz wakigoma siku 49 mwaka wa 2025 wakidai bilioni 7.9, pesa ya mkataba wa 2017 mpaka 2021, sikushangaa. Unabadilisha vile vyuo vinapata doh kabla ya kulipa deni ya wale wanafundisha?

Kama bandi yako haifanani na maisha yenu, kata rufaa kwa mtandao. Weka stakabadhi zote, hata za 200 bob, na upige picha kila ukurasa kabla haujabadilishwa tena.

Wewe ulitupwa bandi gani?