Kabla hujamcheka Manuel

Kuna vichekesho vya televisheni ya Uingereza viitwavyo Fawlty Towers. Vilitengenezwa vipindi 12 tu, sita mwaka 1975 na sita mwaka 1979, lakini wapenzi wake hadi leo hawaishi kubishana juu ya mambo madogo madogo yaliyomo.

Maarufu zaidi ni kibao cha hoteli kinachoonekana mwanzoni. Mara herufi zimepinda, mara zimeanguka, mara zimepangwa upya zikaunda maneno ya ajabu. Katika kipindi cha Wajerumani kibao hakipo kabisa. Tunafunguliwa na hospitali. Tena hoteli yenyewe inasemwa iko Torquay, mji wa pwani, kumbe jengo tunaloliona lilikuwa Buckinghamshire, mbali na bahari. Liliungua mwaka 1991.

Mimi niliviona kwenye diski alizotuachia mwalimu mwenzetu aliyekuwa akirudi kwao. Kilichonishika si kibao, ni Manuel, mhudumu kutoka Barcelona ambaye Kiingereza kinampiga chenga. Katika kipindi cha kwanza, Basil mwenye hoteli anamwambia kuwa siagi ni nyingi mno "on those trays", yaani kwenye sinia zile. Manuel anasikia mtu anayejaribu kuhesabu Kihispania. Kwa adabu anamsahihisha bosi wake: uno, dos, tres.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi nilizaliwa ukimbizini Ulyankulu, nikasoma sekondari Tabora mjini. Siku moja darasani niliomba "karamu", maana ulimi wa Kirundi hauelewani vizuri na herufi L. Wenzangu wakaniuliza wali uko wapi. Nilitaka kalamu tu.

Sasa sikia dogo lililo kubwa. Andrew Sachs, aliyeigiza Manuel, alizaliwa Berlin mwaka 1930, na baba yake alikuwa Myahudi. Mwaka 1938 familia iliwakimbia Wanazi ikahamia London. Naam, yule aliyetuchekesha kwa kutojua Kiingereza alikuwa mtoto mkimbizi aliyelazimika kujifunza lugha hiyo ugenini. Na Basil anapowakera wageni wa Kijerumani kwa habari za vita, mhudumu wake ni mzaliwa wa Berlin.

Wapo watakaosema vichekesho ni vichekesho tu. Sawa, na anayeumbuka zaidi mle ni Basil. Lakini darasa langu si televisheni. Tangu nirejee Burundi mwaka 2008 nimepokea watoto wengi waliokulia Tanzania. Mmoja aliambiwa alete daftari "ejo". Kwa Kirundi neno hilo ni jana, na ni kesho pia. Kitenzi ndicho kinachotenganisha. Yeye akajibu kwamba jana hakuwa na habari. Darasa likaangua kicheko, nami mwalimu nikacheka nao. Wiki nzima mtoto yule hakunyoosha mkono.

Wenzangu mliorejea, nanyi mnaovuka Mugina na Kobero na mizigo yenu, mtu akikosea neno muulizeni kwanza amesikia nini. Neno moja likisikika vibaya, biashara huharibika na urafiki huvunjika.

Mimi nilimwomba radhi mtoto yule mbele ya darasa, nikawasimulia ile habari ya karamu. Walicheka tena. Safari hii walinicheka mimi, na yeye alicheka kuliko wote.