Biharusi, Gari Kubwa Si Zawadi

Maharusi wetu wengine huenda kula fungate Muscat, na pale uwanja wa ndege, kwenye kaunta ya magari ya kukodi, huambiwa: "Ongezeni riali chache tu kwa siku, mpate kubwa." Hiyo si zawadi, ni biashara. Zidisheni kwanza kwa siku zote mtakazokaa.

Naona bora mweke dogo mapema. Madogo yakiwa yamekwisha mkifika, kwa kawaida hupewa kubwa kwa bei ile ile. Semeni kuwa ni maharusi kama ni kweli, mwombe kwa upole. Uongo hauna baraka. Pigeni picha mikwaruzo kabla ya kuondoka, gari ni amana.

Ndoa isianze na deni kwa ajili ya viti vya ngozi.