Rwanda: Mlemavu akishaajiriwa, mwajiri anadaiwa nini?

Kanama, sekta ya wilaya ya Rubavu magharibi mwa Rwanda, si mji wa maofisi. Riziki hutafutwa mashambani, katika soko la Mahoko na kando ya barabara iendayo Gisenyi na mpaka wa Goma. Ni rahisi basi kudhani kuwa wajibu wa mwajiri kwa mfanyakazi mwenye ulemavu ni jambo la mashirika makubwa ya Kigali. Dhana hiyo haina msingi.

Sheria ya Januari 2007 ya kuwalinda watu wenye ulemavu inapiga marufuku ubaguzi katika ajira, tena inaagiza kwamba waombaji wawili wakilingana kwa uwezo au kwa alama, nafasi apewe mwenye ulemavu. Sheria ya kazi ya 2018 nayo inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa ulemavu wa mwili au wa akili. Kanuni hizi zinalinda mlango wa kuingilia kazini. Swali gumu huanza mtu akishaingia.

Jibu limo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Rwanda iliuridhia Desemba 2008. Mkataba huo unadai marekebisho yanayofaa, yaani kubadili kazi au mahali pa kazi kulingana na mahitaji ya mtu fulani, mradi mwajiri asibebeshwe mzigo uliopita kiasi. Kumnyima mtu marekebisho hayo ni ubaguzi. Na kwa Ibara ya 95 ya Katiba, mikataba iliyoridhiwa iko juu ya sheria za kawaida.

Neno "mzigo" ndilo kimbilio la waajiri wengi, ingawa mara nyingi kinachotakiwa ni kidogo: kiziwi aandikiwe maagizo kwenye simu, asiyeweza kusimama apewe kiti wakati wa kupanga bidhaa, zamu ya mwingine isogezwe ili awahi kliniki. Njia ya mteremko ni ghali zaidi, lakini si kwa anayejenga upya. Mto Sebeya ulipofurika Mei 2023, Kanama ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika. Kuta zinapoinuliwa tena, ngazi na mteremko huchorwa kwenye karatasi ileile.

Majirani wamechagua asilimia. Tanzania, kwa sheria ya 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Kenya, kwa sheria ya 2025, asilimia 5. Hesabu hiyo hukaguliwa kwa urahisi, lakini haionyeshi kama aliyeajiriwa anaweza kuufikia choo, na duka la watu wanne haliligusi kabisa.

Sensa ya 2022 ilihesabu Wanyarwanda 391,775 wenye ulemavu, asilimia 3.4 ya walio na umri wa miaka mitano na kuendelea. Mfanyakazi mwenye mgogoro na mwajiri wake huanzia kwa wawakilishi wa wafanyakazi, kisha mkaguzi wa kazi wa eneo lake, na hatimaye mahakamani. Njia hiyo inamfaa mwenye mkataba. Kibarua wa kutwa hana mwakilishi, na kabla mkaguzi hajafungua faili, kesho yake asubuhi mwingine keshashika nafasi yake.