Tunaombea Masikio, Tunafunga Mikono

Vijana wapendwa wa Xaveri, wa Kizito-Anuarite, na ninyi nyote mnaokusanyika parokiani kila juma,

Katika Kwaresima moja iliyopita, chama chetu kilikwenda kuwatembelea watoto viziwi katika shule yao ya bweni. Tulipeleka mchele, chumvi, sabuni na magunia mawili ya maharage. Tuliimba nyimbo tatu mbele ya watoto wasiosikia. Mkurugenzi alitushukuru kwa hotuba nzuri, tukapiga picha, tukaanza kuagana. Ndipo mvulana mdogo alipotushika mkono, akawa anaonyesha sikio lake la kushoto, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Tulimtazama kwa huruma, tukidhani anatuambia kwamba yeye ni kiziwi. Mkurugenzi naye alidhani hivyo. Alimpapasa kichwa, akamrudisha mstarini. Siku ya nne tulipata habari kwamba mtoto yule amelazwa hospitalini. Sikio lilikuwa limejaa usaha na homa imempanda sana. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini siku ile hakuwa akituambia kwamba hasikii. Alikuwa akituambia kwamba anaumwa.

Shule ile haikuwa maskini wa vifaa. Ilikuwa na chumba cha kupimia usikivu, na kioo kikubwa ambacho mbele yake watoto hufanya mazoezi ya kutamka. Juu ya lango iliandikwa kwamba hapa watoto wanapata elimu na matibabu. Kilichokosekana ni mtu mzima mmoja wa kuelewa sentensi fupi ya mtoto mgonjwa.

Tangu siku ile tumekuwa na neno moja la kusema, nasi tutalisema hata likiwaudhi watu tunaowaheshimu: asiyejua lugha ya ishara asipewe kuongoza nyumba ambamo watoto viziwi wanalala. Hata akiwa mtu wa sala, hata akijua hesabu, hata akijua kuwaandikia wafadhili wa Ulaya barua za kugusa moyo, bado hajawa tayari. Akajifunze kwanza, ndipo akabidhiwe funguo.

Tunajua majibu tutakayopewa. La kwanza ni hili: shule hizi ni za tiba, na shabaha yake ni kumfundisha kiziwi aseme kama sisi, ukimruhusu kutumia mikono, atakuwa mvivu wa kutumia ulimi. Jibu hili ni la zamani. Mwaka 1880, walimu wa viziwi walikutana mjini Milano, nchini Italia, na karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Waliamua kwamba kusema kwa mdomo kupewe nafasi ya kwanza na ishara ziondolewe shuleni. Kwa karibu karne nzima, katika nchi nyingi, watoto walikatazwa kutumia mikono yao, na mahali pengine walipigwa kwa sababu hiyo. Ilipofika mwaka 2010, kongamano la kimataifa la walimu hao hao, lililokutana Vancouver, nchini Kanada, liliyakataa maamuzi ya Milano na kuyasikitikia. Waliotunga kosa wamelikana. Mbona sisi tunalihifadhi kama urithi?

Hatuyadharau mazoezi ya kutamka. Mtoto aliyepoteza usikivu akiwa amekwisha kujua kusema, kwa mfano baada ya homa ya uti wa mgongo, anaweza kufaidika nayo sana. Vifaa vya kusaidia kusikia navyo ni neema kwa yule ambaye sikio lake limebakiza uwezo, mradi betri zipatikane, na kile kipande kinachoingia sikioni kibadilishwe kadiri mtoto anavyokua. Lakini simameni mbele ya kioo, vijana, mseme bila kutoa sauti: baba, mama, papa. Midomo inafanya jambo lile lile mara tatu. Mtoto ambaye hakuwahi kusikia atajuaje kama unamtaja mzazi wake wa kiume, mzazi wake wa kike, au Baba Mtakatifu? Huyu tunamweka miaka mingi mbele ya kioo akitafuta silabi, na wakati huo hajapewa lugha yoyote ya kuuliza, kukataa, kusimulia wala kusali. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kwamba mtoto hujenga akili yake kwa lugha, na kwamba miaka ya kwanza ikipita bure, hasara yake ni ngumu kufidia. Tiba inayomnyima mtoto lugha ili imfundishe sauti inamjeruhi kwa mkono mwingine.

Jibu la pili ni la fedha. Tunaambiwa kwamba lugha ya ishara ni jambo la nchi tajiri. Kinyume chake ndiyo kweli. Lugha ya ishara haihitaji jenereta wala kipuri kutoka ng'ambo. Inahitaji walimu, na walimu wapo: ni viziwi watu wazima, walioko mijini mwetu, mafundi cherehani, maseremala, akina mama sokoni, ambao tunawapita bila salamu. Andrew Foster alikuwa Mmarekani mweusi, kiziwi, ndugu yetu Mprotestanti. Alianza shule ya viziwi nchini Ghana mwaka 1957, na kazi yake ikaenea katika nchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwemo. Aliwaandaa viziwi wa Afrika wawe walimu wa viziwi wenzao. Alifariki mwaka 1987 kwa ajali ya ndege nchini Rwanda, jirani yetu. Mtu huyu hakusubiri mashine. Basi shule inayotafuta fedha za kununua kifaa kipya cha kupima masikio, na haijamwajiri hata kiziwi mmoja kuwa mwalimu au mlezi wa bweni, isituambie kwamba shida yake ni umaskini.

Jibu la tatu husemwa kwa sauti ya chini: mkurugenzi ni msimamizi tu, walimu ndio wanaokaa na watoto. Hapo tunaomba mfikirie usiku. Shule ya kutwa hufungwa saa nane mchana, mtoto akarudi kwa mama yake. Katika shule ya bweni mtoto anabaki. Usiku anaota ndoto mbaya, anashikwa na tumbo, anaonewa na mkubwa wake. Pengine mtu mzima anamtendea jambo lisilosemeka. Atamwendea nani? Akimwendea mkurugenzi asiyejua ishara, itabidi aitwe mwanafunzi mkubwa awe mkalimani. Na ikiwa huyo mkubwa ndiye anayemwonea, kesi imekwisha kabla haijaanza.

Tusijifanye kwamba tunazua. Kanisa letu limepata aibu hiyo. Katika Taasisi ya Antonio Provolo, shule ya Kikatoliki ya bweni kwa watoto viziwi huko Mendoza, nchini Argentina, watoto walinajisiwa kwa miaka. Mwaka 2019 mahakama iliwahukumu mapadri wawili vifungo vya zaidi ya miaka 40 kila mmoja, na mtunza bustani wa shule miaka 18. Waliopitia humo walieleza kwamba lugha ya ishara ilikuwa imekatazwa. Mtenda maovu alipata kila alichohitaji: mlango uliofungwa na watoto wasio na lugha ya kushtaki. Tunawaandikia ninyi vijana jambo hili kwa uchungu, kwa sababu kulificha ni kumwandalia mwingine nafasi.

Kiongozi anayejua lugha ya watoto hutazama bweni kwa jicho lingine. Atajua kwamba taa ya bwenini ni jambo la kwanza, kwa maana gizani kiziwi hana mdomo wala sikio. Umeme ukikatika, mazungumzo yote yamekatika. Ataweka taa ndogo ya jua kabla ya kununua spika za kanisani. Atampa mtu mzima kiziwi, mwenye sifa njema, kazi ya kulinda usiku pamoja na mwenzake. Atawaita wazazi kila mwanzo wa likizo wajifunze ishara za nyumbani: njaa, maumivu, woga, dada, kaka, nakupenda. Kwa maana watoto viziwi walio wengi wamezaliwa na wazazi wanaosikia, na wengi wao hurudi likizo katika nyumba ambamo hakuna anayeongea nao hadi shule zifunguliwe. Mzazi aliyemleta mtoto kama anayetua mzigo, mkurugenzi wa namna hiyo atamrudishia mzigo huo kwa upole na kumfundisha kuupenda.

Nasi wa parokia tumetenda nini? Tunapenda Injili ya Marko, sura ya 7, ambapo Bwana anamponya kiziwi. Tunalipenda neno Effata. Makundi ya sala hulipaza juu ya vichwa vya watoto hawa, na mtoto asipopona, wengine humtupia lawama mama yake, eti kuna dhambi au uchawi. Laiti tungesoma taratibu! Kabla ya kusema neno lolote, Yesu alimtenga mtu yule na makutano. Hakumfanya tamasha. Kisha akamgusa masikio, akamgusa ulimi, akatazama juu mbinguni. Alizungumza naye kwanza kwa mikono na macho, kwa sababu huyo mtu hakuweza kusikia neno. Sisi tunaanza na kelele, mbele ya umati, tukiwa na simu za kupiga picha.

Wapo waliotumia hata maneno ya Mtume Paulo kwa Warumi, sura ya 10, kwamba imani hutokana na kusikia, wakadai kiziwi hafikiwi na imani. Mtakatifu Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva aliyefariki mwaka 1622, hakukubali. Alimfundisha kijana kiziwi aitwaye Martin mafumbo ya imani kwa ishara, na leo viziwi wanamheshimu kama msimamizi wao. Padri Charles-Michel de l'Épée, mjini Paris, katika karne ya 18, alifungua shule yake baada ya kukubali kuwa mwanafunzi wa ishara za viziwi wenyewe. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 777, inawataka maparoko wahakikishe katekesi inawafikia wenye ulemavu kadiri hali yao inavyoruhusu. Na nchi yetu, kwa sheria ya tarehe 3 Mei 2022, imetamka ulinzi wa haki za watu wenye ulemavu. Hatukosi maandiko. Tunakosa watu walioketi wakajifunza.

Kwa hiyo hatuwaombi mchango wa mchele safari hii. Tunawaomba kila kundi lenu lichague vijana watatu, limtafute kiziwi mmoja mtu mzima wa mtaa wenu, limwombe kwa heshima awafundishe, na limlipe kama mnavyomlipa mwalimu wa kinanda. Mjifunze alfabeti ya vidole, salamu, maumivu, na Baba Yetu. Tunawaomba pia mwandike barua, kwa adabu, kwa wakubwa wanaoteua wakurugenzi wa shule hizi, muwaulize swali moja: je, huyu mnayemteua anaweza kuongea na mtoto usiku wa manane, bila mkalimani?

Kwaresima ijayo tutarudi kule kwa mvulana wetu wa sikio la kushoto. Atakayekuwa amejifunza aje pamoja nasi. Asiyejifunza atume mchele wake, nao utapokelewa kwa shukrani. Lakini yeye abaki nyumbani, pamoja na simu yake ya kupigia picha.

Tumsifu Yesu Kristo.